Faini Ukishailipa, Kosa Bado Lipo

Mazungumzo niliyoyatoa jioni ya Jumamosi mjini Reading, Uingereza, mbele ya Waswahili wanaoendesha magari. Wengi wao ni wahudumu wa wazee na wagonjwa majumbani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Dada na kaka zangu, habari za jioni. Asalaam alaykum, na Bwana asifiwe. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka zamu ya usiku na hamjapata usingizi. Nawaona mlipokaa, na najua macho yanavyouma.

Mwezi uliopita mama mmoja alinijia nyumbani na mfuko wa dukani. Amenipa ruhusa nisimulie habari yake bila kumtaja jina. Ndani ya mfuko mlikuwa na barua 11. Zilizofunguliwa zilikuwa 4, na zote alikuwa ameshazilipa: maegesho, maegesho, njia ya basi, maegesho. Zile 7 hakuzigusa. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia, "Mwanangu, niliona nikianza na hizi zenye bei, hizo nyingine zitangoja."

Tukazifungua pamoja mezani mpaka chai ikapoa. Tatu zilikuwa za matangazo tu. Mbili zilikuwa za polisi, zikimuuliza nani alikuwa anaendesha gari lake siku fulani, saa fulani, barabara fulani. Moja ya mahakama ilimtaka ajibu ndani ya siku 21. Na moja, ya mahakama hiyohiyo, ilimwarifu kwamba shauri limekwisha bila yeye kuwapo, amekutwa na hatia kwa kutomtaja dereva, ametozwa faini na ameandikiwa pointi 6 kwenye leseni.

Mama yule si mzembe. Ni mtu wa kulipa madeni yake, na ndiyo maana alilipa kila karatasi iliyomtajia pesa. Alichokuwa hajui ni kwamba katika nchi hii karatasi ya maegesho na ya njia ya basi, pamoja na usumbufu wake wote, ni deni la halmashauri. Inauma mfukoni, lakini haigusi leseni. Barua ya polisi inayouliza swali moja tu, bila kutaja hata senti, ndiyo yenye uzito wa kukuondoa barabarani.

Kwetu Tanzania wengi tumezoea hivi: trafiki anakusimamisha, anakuandikia notifikesheni ya shilingi 30,000, unalipa, yamekwisha. Wiki ijayo ukipigwa tochi tena, ni 30,000 nyingine. Dereva anaiweka kwenye hesabu zake kama anavyoweka mafuta. Kosa la leo halimjui kosa la jana. Tumepanda ndege na mazoea hayo, tukatua nayo hapa, na tunaendelea kuendesha nayo. Lakini hapa makosa yanajuana. La leo linamwita la mwaka juzi, yanakaa pamoja, yanakungoja.

Yanakaa pamoja kwa njia ya pointi. Kila kosa lina zake. Kamera ikikupiga kwa mwendo kasi, na ukakubali kosa bila kwenda mahakamani, ni pauni 100 na pointi 3. Kupita taa nyekundu, pauni 100 na pointi 3. Simu mkononi, pauni 200 na pointi 6. Kuendesha bila bima, pauni 300 na pointi 6, na hapo ni iwapo polisi hawakukupeleka mahakamani, kwa sababu kule zinaweza kufika 8. Ukifikisha pointi 12 kwa makosa uliyoyafanya ndani ya miaka 3, sheria ya mwaka 1988 inamtaka hakimu akufungie leseni kwa muda usiopungua miezi 6. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha hapa ujazo wake ni 12.

Nataka tuihesabu, maana hesabu hii ndiyo watu wanaikosea. Chukueni dereva wa kea, yaani mhudumu wa wagonjwa majumbani, anazunguka nyumba nane kwa siku, dakika za safari kati ya mgonjwa na mgonjwa hazimtoshi. Januari 2024 anapigwa kamera akienda maili 36 kwa saa mahali panaporuhusu 30. Polisi wanampa nafasi ya darasa la mwendo: analipa ada ya darasa, anakaa saa chache mbele ya kompyuta, pointi hapati. Anafurahi, anaona ameponea. Novemba mwaka huohuo anapigwa tena, maili 37 mahali pa 30. Anangoja aitwe darasani, haitwi, kwa sababu darasa hilo halitolewi mara ya pili mpaka miaka 3 ipite tangu kosa la kwanza. Analipa 100, anaandikiwa 3. Machi 2025, kosa lilelile, 100 nyingine, 3 nyingine. Sasa ana 6. Mfukoni ametoa pauni 200 na ada ya darasa, anaona bado anaweza. Kisha inakuja barua ya kumuuliza nani alikuwa anaendesha. Yuko kwenye zamu mfululizo, barua inakaa juu ya friji, siku 28 zinapita. Kwa kutojibu tu anapata pointi 6. Sita na sita.

Kosa kubwa hakulifanya. Hakugonga mtu, hakunywa pombe. Ana makosa madogo manne, moja likafutwa kwa darasa, na leseni imekwenda.

Watu huniuliza, si pointi zinafutika? Zinafutika, ila si haraka. Za makosa mengi hukaa kwenye leseni miaka 4 tangu siku ya kosa, na katika hiyo, 3 ndiyo zinahesabiwa kwenye ile 12. Za ulevi hukaa miaka 11. Na kampuni ya bima ina kalenda yake: nyingi huuliza habari za miaka 5 nyuma. Kwa hiyo unaweza kulipa pauni 100 ya kosa, kisha ukailipa tena na tena kila mwaka ndani ya bima bila kujua unalipia nini.

Na tafadhali angalieni vibao. Wales, tangu Septemba 17, 2023, barabara nyingi za makazi zilizokuwa maili 30 zimekuwa 20. London nako maeneo mengi ni 20. Dereva wa Reading anayekwenda Cardiff, huko Wales, kwenye msiba, usiku, macho yamejaa machozi, anaweza kurudi na kosa ambalo hata hakulihisi. Siwaambii hivi kuwatisha, nawaambia kwa sababu tumeshazika watu wetu Cardiff, na barua zilifuata.

Sasa nizungumze na nyinyi vijana mliopata leseni juzijuzi. Kwenu kibaba si 12. Kwa miaka 2 ya kwanza tangu siku uliyofaulu mtihani wa barabarani, kibaba ni 6. Sheria hiyo ni ya mwaka 1995. Ukifika 6, leseni haifungiwi, inafutwa, na kuna tofauti kubwa. Aliyefungiwa anangoja muda wake uishe. Aliyefutiwa anarudi kuwa mwanafunzi: unaomba lena upya, unabandika L nyekundu kwenye gari, unafanya mtihani wa nadharia, unafanya wa barabarani, na foleni ya mtihani mnaijua. Hapiti hakimu hapo wala hakuna wa kumbembeleza. Mamlaka ya leseni inakuandikia barua na imekwisha.

Nalisema hili nikiwa nimelipitia mwenyewe. Mwaka 2018, miezi saba baada ya kufaulu, nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu. Gari halitembei, mguu upo kwenye breki. Simu ya kazi ikalia, nikaishika nisome mgonjwa anayefuata ni nani, kwa sababu ratiba ilikuwa imebadilishwa njiani. Polisi alikuwa kwenye gari la pembeni, dirisha kwa dirisha. Nikamweleza kwamba sikuwa naendesha, nilikuwa nimesimama. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kwenye taa, injini ikiwaka, mimi bado ni dereva. Pauni 200, pointi 6.

Nililipa siku ileile. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Nimeshalimaliza." Kwa akili yangu ya kwetu, nilikuwa nimelimaliza kweli. Barua ya kufutiwa leseni ilipokuja nilidhani wamekosea mtu, nikaisoma mara tatu. Kazi yangu ilikuwa ya kuzunguka kwa gari, na mwajiri hakuwa na kazi nyingine ya kunipa. Nikapata ya kituo kimoja, kwa saa chache. Majira ya baridi yale nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi, mtoto namwacha kwa jirani, Mungu amlipe. Ilinichukua karibu mwaka mzima kurudi kwenye usukani. Hakuna aliyenionea. Kosa lilikuwa langu, na sheria ilikuwa imeandikwa. Ila hakuna mtu aliyewahi kunikalisha akaniambia ninavyowaambia jioni hii, na ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa.

Tangu Machi 25, 2022, sheria ya simu imekazwa zaidi. Zamani watu waliponea kwa kusema nilikuwa napiga picha tu, nilikuwa natafuta wimbo tu. Sasa kuishika mkononi na kuitumia kwa lolote ni kosa. Iweke kwenye kishikizo, panga ramani kabla hujaondoka, na ofisi ikibadilisha ratiba, egesha gari, zima injini, ndipo usome. Mwajiri anayekulazimisha ujibu ukiwa njiani hatakuja kuzipokea hizo pointi kwa niaba yako.

Nirudi kwenye ile barua inayouliza nani alikuwa anaendesha, kwa sababu hapo ndipo jamii yetu inapoumia kuliko mahali popote. Kamera inaona namba ya gari, haioni sura. Polisi wanamwandikia mwenye kadi ya gari ndani ya siku 14 tangu kosa, na yeye ana siku 28 za kujibu. Kutojibu ni kosa linalojitegemea, pointi 6 na faini inayoweza kufika pauni 1,000. Tazameni hapo: kwa mwendo ungepata 3, kwa kunyamaza umepata 6. Hao mawakala wa bima nao wakiliona kosa la kunyamaza wanalichukia kuliko la mwendo.

Kuna ndugu zetu wana magari matatu yote yameandikwa jina la mtu mmoja, kwa sababu yeye ndiye mwenye bima nafuu au ndiye aliyetangulia kufika. Shemeji anaendesha, binamu anaendesha, mgeni kutoka Leicester anaazima. Barua zote zinakuja kwa yule mmoja. Anaona aibu kumtaja shemeji, ndoa isiingie doa, basi ananyamaza, au anakubali yeye. Baba yangu, kaka yangu, kumtaja aliyeendesha si kumsaliti. Ni sheria, na ni haki yako.

Na wapo wanaokwenda mbali zaidi. "Wewe leseni yako safi, pokea hizi 3, mimi nina 9, nitakupa pesa." Nimelisikia kwenye harusi, nimelisikia hata nje ya nyumba ya ibada. Naomba mnielewe hapa. Hilo haliitwi tena kosa la barabarani, linaitwa kupotosha haki, na watu wanafungwa. Mwaka 2003 mwanasiasa Chris Huhne alipigwa kamera kwenye barabara kuu ya M11. Mkewe wakati ule, Vicky Pryce, mchumi anayeheshimika, akazipokea pointi. Miaka ikapita, Huhne akawa waziri, ndoa ikavunjika, siri ikatoka. Mwezi Machi 2013 wote wawili walihukumiwa kifungo cha miezi 8. Miaka kumi imepita, kwa ajili ya pointi 3! Na ile leseni aliyotaka kuiokoa, aliipoteza mwaka uleule wa 2003 kwa kosa la simu.

Fiona Onasanya alikuwa mbunge wa Peterborough, na alikuwa mwanasheria. Gari lake lilipigwa kamera mwaka 2017, maili 41 mahali pa 30. Alidanganya kuhusu aliyekuwa akiendesha. Januari 2019 alifungwa miezi 3, wapigakura wakatia saini za kumwondoa, akawa mbunge wa kwanza kupoteza kiti kwa utaratibu huo, na baadaye akaondolewa kwenye orodha ya mawakili. Kama waziri na mbunge hawakupona, mimi na wewe tulio na barua ya visa droo ya juu tutaponea wapi?

Tuseme basi umefika 12. Hapo polisi hawawezi tena kukupa faini ya kulipa na kuondoka, lazima uende mahakamani. Na faini ya mahakamani haina bei ya kudumu. Inapimwa kwa pato lako: kwa mwendo kasi, kadiri ulivyozidisha, inaanzia nusu ya pato la wiki, au la wiki nzima, au la wiki na nusu, na juu yake kuna gharama za mashtaka na tozo ya waathirika.

Hakimu atakuuliza kama una sababu ya kutokufungia. Sheria inaruhusu ujitetee kwamba kufungiwa kutaleta dhiki isiyo ya kawaida. Sikilizeni maneno hayo, isiyo ya kawaida. Kupoteza kazi, kupanda basi, kuchelewa kuchukua watoto, mahakama inaona hiyo ni dhiki ya kawaida, ndiyo adhabu yenyewe. Kinachomgusa hakimu zaidi ni watu wengine wasio na kosa: mzee kijijini asiye na mhudumu mwingine wa kumfikia, mtoto mgonjwa anayepelekwa hospitali mara tatu kwa wiki na hakuna basi. Utayasema hayo kwa kiapo, utaulizwa maswali, na inafaa uwe na barua za mkononi: ya daktari, ya mwajiri, ya kampuni ya nyumba. Na sababu ukishaitumia ikakubalika, huwezi kurudi nayo ileile ndani ya miaka 3. Kwa hiyo usiende peke yako ukidhani machozi yatatosha. Mtafute wakili kabla ya siku ya kesi, si asubuhi yake.

Msidhani pia kwamba jina kubwa linasaidia. David Beckham, mnamjua nyote, alikuwa na pointi 6 za mwendo kasi. Mpita njia akampiga picha akiwa ameshika simu kwenye usukani, katikati ya London. Akaongezewa 6. Mei 2019 mahakama ya Bromley ikamfungia miezi 6 na faini ya pauni 750. Hiyo 750 kwake ni nini? Lakini miezi 6 ni miezi 6 kwake kama kwangu, ila yeye alikuwa na uwezo wa kuajiri dereva.

Ukifungiwa kwa utaratibu huu, zile pointi 12 zinafutwa, lakini adhabu yenyewe inabaki kwenye kumbukumbu. Na ndani ya miaka 3 ukijaza kibaba tena, muda wa chini si miezi 6 tena, ni mwaka mmoja. Ikiwa umeshafungiwa mara mbili kwa siku 56 au zaidi kila mara, ni miaka 2. Kwa ulevi ni hivyohivyo na kuzidi: mara ya kwanza kufungiwa si chini ya miezi 12, na ukirudia ndani ya miaka 10, si chini ya miaka 3, pamoja na kupimwa na daktari kabla leseni haijarudi. Sitakaa sana kwenye ulevi. Anayeujua anaujua, na nyumba yake inaujua.

Ila hili nitakaa nalo. Kuna aliyefungiwa, na kesho yake yuko barabarani, kwa kuwa gari lipo, ufunguo upo, na zamu iko pale pale. Ndugu zangu, kuendesha ukiwa umefungiwa ni kosa la jela, hadi miezi 6. Bima nayo haipo, hata kama unailipa kila mwezi. Gari linachukuliwa palepale barabarani na unabaki na begi lako kwenye ukingo wa njia. Ukimgonga mtu ukiwa katika hali hiyo, hatia zako zote za nyuma zinawekwa mbele ya jaji kuwa sababu ya kukuzidishia. Na kwa anayesababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, tangu Juni 28, 2022 adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Hakuna mshahara wa zamu moja unaofikia hapo.

Tena kuna kosa ambalo baadhi yetu tunalirudia kila siku ya Mungu bila kujua ni kosa. Leseni ya Tanzania au ya Kenya hapa ni halali kwa miezi 12 tangu ulipokuja kuishi. Haibadilishwi kwa leseni ya hapa kama wanavyobadilisha wenzetu wa Afrika Kusini au Zimbabwe. Sisi lazima tufanye mtihani. Mwezi wa 13 ukiingia, hata kama umeendesha Scania Dar hadi Tunduma miaka 20, wewe huna leseni, na bima yako ina shaka. Usijidanganye pia kwamba kwa kuwa huna leseni ya hapa, pointi hazina pa kukaa. Wanakufungulia rekodi, wanaziweka humo, zinakungoja siku utakayopata leseni.

Na kwa ninyi mlio hapa kwa visa ya kazi chini ya mwajiri, nalisema kwa uzito wote nilio nao. Mkataba wa wengi wenu umesema kazi ni ya kuendesha. Leseni ikienda, mwajiri anaweza kusema kazi imekwisha. Akishaiarifu serikali, kwa kawaida visa hufupishwa, unabakiwa na siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Mtu amekopa nyumbani, ameuza kiwanja, amemleta mke na watoto, na yote hayo yamening'inia kwenye kamera ya barabara ya maili 30. Ukija kuomba uraia, hukumu ya mahakama ya makosa ya barabarani lazima uitaje kwenye fomu. Kuificha kutakuumiza kuliko kosa lenyewe.

Sasa mambo ya kufanya, na mengine ni ya usiku huu ukifika nyumbani. Angalia anwani iliyo kwenye leseni na iliyo kwenye kadi ya gari. Hivyo ni vitu viwili, na ukihama unabadilisha vyote viwili. Haikugharimu chochote, na kutobadilisha ni kosa lenye faini. Wengi wetu tulianza kwenye chumba cha rafiki, tukahamia kwa dada, tukahamia kwetu, na barua za polisi bado zinakwenda kwenye chumba cha rafiki. Kesi hizi siku hizi hakimu mmoja huziamua kwenye makaratasi, bila wewe kuitwa. Unaweza kuhukumiwa nawe uko jikoni unapika.

Ikiwa kweli hukuipata barua na ukaja kusikia kwamba umeshahukumiwa, ipo njia. Ndani ya siku 21 tangu ulipojua, unaapa mbele ya mahakama au wakili kwamba hukuwa na habari ya kesi, hukumu inaondolewa na shauri linaanza upya. Lakini ni kiapo. Yule mama wa mfuko sikumwambia aape, kwa sababu barua ilikuwa nyumbani kwake, hakuifungua tu. Nilimpeleka kwa wakili aangalie lipi linawezekana. Barua ya pili ya polisi siku zake 28 zilikuwa hazijaisha, zilibaki siku 5. Tuliijaza usiku uleule, nikaenda naye posta asubuhi, tukachukua risiti ya kutuma.

Ingia pia kwenye tovuti ya serikali, uone leseni yako ina pointi ngapi na za tarehe zipi. Ni bure. Wengi hapa hamjui mna ngapi, mnakisia. Ziandike kwenye daftari, tarehe ya kosa, si tarehe ya kulipa, kwa sababu hesabu ya miaka 3 inakwenda kwa siku ya kosa.

Nimeongea zaidi ya nusu saa niliyopewa, mnisamehe. Ukumbi tunao mpaka saa tatu. Nitakaa pale kwenye meza ya pembeni, karibu na birika. Najua wapo waliokuja na bahasha kwenye mkoba, na wapo wanaoona haya kuzitoa mbele za watu. Hatutasomeana kwa sauti. Njoo nayo hata kama bado imefungwa.